HiAce ya 1997 nimeigeuza nyumba ya safari, sasa kutu inaila kutoka chini. Nianzie wapi?

#1 Mchwa wa Barabara (Tanga)
Wakuu, heshima kwenu.

Nina HiAce ya mwaka 1997, lile bodi la zamani la vipanya. Niliinunua 2014 ikiwa ya abiria. 2019 nikang'oa viti vyote, nikaweka kitanda cha mbao, jiko la gesi la sahani mbili, sinki dogo na tangi la maji la lita 60. Mimi, mke na watoto wawili tumelala humo Pangani, Lushoto, Mikumi, mpaka Matema kule Ziwa Nyasa. Injini haijawahi kuniangusha. Shida ni kutu.

Wiki iliyopita nilinyanyua karpeti nyuma ya kiti cha dereva, nikagusa sakafu kwa bisibisi, ikazama. Tundu linatosha kisahani cha chai. Nikaingia uvunguni na tochi: madigadi ya nyuma yote mawili yamevimba, ukingo wa chini wa mlango wa kuburuta unapukutika, na juu kuna mstari wa kahawia kwenye mfereji wa maji ya mvua unaozunguka paa.

Nimeuliza mafundi watatu. Mmoja kasema nipake lami uvungu mzima. Wa pili kasema nimwagie oili chafu kila baada ya miezi sita. Wa tatu kasema niuze ningali na mnunuzi. Hilo la tatu sitalifanya. Mwanangu mdogo alijifunzia kutembea ndani ya gari hili.

Naomba kujua: kutu hii chanzo chake hasa ni nini, na kazi inaanzia wapi? Nawasilisha.

#2 Kijana wa Chumbageni
Naweka kambi hapa. Noah ya mama ina ugonjwa huo huo.

#3 Bweni Mpaka Ng'ambo
Mkuu, umejijibu mwenyewe uliposema Pangani. Gari likivuka kwa pantoni, magurudumu yanapita kwenye maji ya chumvi wakati wa kupanda na kushuka. Nimeyaona magari ya watu wa huku miaka mingi, yote yanaanza kuoza nyuma ya tairi. Wewe umevuka mara ngapi?

#4 Mchwa wa Barabara (Tanga)
#3, si chini ya mara kumi. Na kusema kweli sikuwa naosha uvungu siku ile ile. Mara nyingine zilipita wiki mbili.

#5 Msasa Namba Themanini
Mimi ni fundi bodi, mwaka wa kumi na saba huu. Ngoja niseme ninavyoona.

Pantoni ni sehemu tu. Hata gari lisilogusa bahari, likilala Tanga, Dar au Mombasa linakaa kwenye chumvi. Chumvi ya hewani inatua kwenye bati, na chumvi ina tabia moja: unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 75 inavuta maji yenyewe mpaka inalowa. Usiku wa pwani unyevu unafika hapo kirahisi. Kwa hiyo gari lako unaliona limekauka, kumbe kwenye mikunjo lina utando wa maji chumvi kila alfajiri.

Sasa tatizo kubwa zaidi ni mafundi wenzangu, na hili naumia nalo. Gari linakuja limevimba digadi. Fundi anagonga, anajaza puti (ule uji mzito wa kuzibia mabonde, unaogandia kwenye bati), anapiga msasa, anapaka rangi, mteja anaondoka anacheka. Puti inanyonya maji kama sponji. Umeifungia kutu chumbani na kikombe cha maji. Miezi minane tu inatoka tena, kubwa kuliko mwanzo, kwa sababu chuma kikishakuwa kutu kinachukua nafasi mara kadhaa ya ile ya awali, kinasukuma rangi kwa nguvu.

Mchwa, hayo madigadi yalishawahi kujazwa puti? Chukua sumaku ndogo upitishe. Isiposhika, hapo hakuna bati.

#6 Mchwa wa Barabara (Tanga)
Nimejaribu sasa hivi na sumaku ya mlango wa friji. Digadi ya kushoto haishiki kabisa, eneo la kiganja kizima. Nilinunua hivyo bila kujua. Asante fundi.

#7 Dodoma Kavu
Nina HiAce ndugu ya hiyo, ya 1996, haijatoka Dodoma tangu iingie nchini. Uvungu una vumbi tu. Hewa kavu ndiyo dawa. Hamia huku mkuu.

#8 Kijana wa Chumbageni
#7 anataka mtu ahamishe familia nzima kwa ajili ya digadi 😂

#9 Msasa Namba Themanini
Msimcheke, ana hoja. Unyevu ukiwa chini ya kama asilimia 60, na bati likiwa safi halina chumvi, kutu inakwenda polepole mno. Ila #7, gari lako nalo nenda kaangalie ndani ya vile vyumba vya bati vilivyofungwa, yaani nafasi tupu zilizo ndani ya mihimili na kingo za milango. Vumbi likirundikana humo, mvua ya Januari ikiliingia, linabaki tope wiki nzima.

#10 Nakuja na Meli (Mombasa)
Ndugu zangu, mimi nashughulika na magari yanayoshuka bandarini. Mwasahau jambo moja. Gari hii ilikuja kutoka Japani, na Japani si hali moja. Kaskazini kule, Hokkaido na jirani zake, msimu wa theluji barabara zamwagwa chumvi. Gari iliyotumika huko miaka sita yaja ikiwa ishaanza kuliwa, nao wauzaji waipaka rangi nyeusi chini ipendeze. Mnunuzi aona weusi, afikiri ni mpya. Mimi nikiona uvungu mweusi unaong'aa kuliko bodi ya juu, huchukua bisibisi nikakwangua kwanza.

Ya Mchwa huenda ilikuwa na kutu kabla hajaijua Pangani.

#11 Bweni Mpaka Ng'ambo
#10, gari limekaa Tanga zaidi ya miaka kumi, bado unalaumu theluji? Haiingii akilini.

#12 Nakuja na Meli (Mombasa)
Sisemi theluji ndiyo iliyotoboa. Nasema mbegu. Chumvi ikishaingia kwenye maungio ya bati, pale bati mbili zilipobanwa pamoja, kuitoa kwa maji ya mpira ni kazi ngumu sana.

#13 Mama Watoto Watatu
Samahani, mimi si fundi, lakini naona nyote mko uvunguni na mwenye uzi kasema bisibisi imezama *chini ya karpeti*. Tundu lilianzia juu au chini?

Nauliza kwa sababu sisi tulikuwa na Kombi ya kulala, ile ya Volkswagen yenye injini nyuma, tukizunguka nayo Naivasha na Baringo. Sakafu ilioza kutoka ndani kwenda nje. Chanzo kilikuwa sisi wenyewe. Watu wanne wanalala, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu, asubuhi vioo vinatiririka. Maji yale yanateremka nyuma ya mbao za ukutani na kukaa kwenye sakafu chini ya karpeti. Tulipobandua mbao tulikuta sponji ya kuzuia joto imelowa, ukiikamua inatoa maji. Tulikuwa tumeiweka wenyewe kwa mapenzi, tukidhani tunalitunza gari.

Na jiko je, unapikia ndani?

#14 Mchwa wa Barabara (Tanga)
Dada #13, tunapikia ndani mvua ikinyesha. Lushoto tulipika ndani siku tatu mfululizo.

#15 Tochi ya Kemia
#13 kagusa penyewe. Gesi ya kupikia ikiungua inazalisha maji, watu wengi hawalijui hili. Propani kilo moja ikiungua yote inatoa takriban kilo 1.6 za mvuke wa maji, kwa kuwa haidrojeni ya gesi inaungana na oksijeni ya hewani. Weka juu yake mvuke wa sufuria ya wali na pumzi za watu wanne. Usiku wa Lushoto bati la nje ni baridi, mvuke unageuka matone upande wa ndani wa bati, mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Halafu tafadhali, ukipikia ndani acha dirisha wazi hata kama ni mvua. Kutu inasubiri, hewa yenye sumu ya jiko haisubiri.

#16 Msasa Namba Themanini
Nakubali la ndani, ila lisifanywe ndilo chanzo chote. Jasho la watu wanne haliwezi kuvimbisha digadi ya nyuma. Kuna magonjwa mawili hapa, au matatu.

#17 Mzee wa Gereji ya Mwembeni
Vijana, mnazunguka. Oili chafu. Tumepaka malori ya mkonge hapa Tanga tangu enzi hizo na chesisi zake zipo. Unachukua oili iliyotoka kwenye injini, unachanganya na dizeli kidogo, unapuliza na kompresa uvungu mzima, unapita barabara ya vumbi mara moja, vumbi linashika. Basi. Gharama yake karibu na bure.

#18 Tochi ya Kemia
Mzee wangu #17, shikamoo, na nakupinga kwa heshima. Mafuta yanazuia maji, hilo kweli. Lakini oili iliyokwishatumika ina tindikali iliyotokana na kuungua, ina chembe za metali, na kwenye ngozi ni hatari, ukiigusa mara kwa mara inaweza kuleta saratani. Inalainisha na kuharibu raba: bushi, mipira ya breki. Na mvua ikinyesha inadondoka, inakwenda kisimani kwa jirani. Hili ni gari watoto wanalala juu yake.

#19 Mzee wa Gereji ya Mwembeni
Marahaba. Bushi nafunika kwa nailoni kabla ya kupuliza. Kisima, hapo umenishika.

#20 Hamburg na Baridi Yake
Salamu kutoka Ujerumani. Huku chumvi barabarani ni kila msimu wa baridi, na kila miaka miwili gari linakwenda ukaguzi wa TÜV. Wakikuta mhimili unaobeba uzito umetobolewa na kutu, hupiti mpaka ukatwe na kuchomelewa bati jipya. Kubandika na kupaka hakukubaliki.

Wenye magari ya kulala ya zamani huku wengi wameachana na lami. Lami ikizeeka inakauka na kupasuka nyufa nyembamba. Maji yanaingia kwenye ufa, yanatambaa kati ya lami na bati, hayatoki. Nje unaona uvungu mzuri mweusi, ndani bati limekuwa biskuti. Wanatumia nta maalumu au mafuta mazito ya sufu ya kondoo, yaani lanolini. Hayo hayakauki, yanatambaa yenyewe mpaka kwenye maungio. Ndani ya vyumba vya bati wanaingiza mpira mwembamba wenye pua inayopuliza pande zote.

#21 Msasa Namba Themanini
#20, nta ya Ulaya nilishaipata kwa mteja mmoja. Jua la Tanga la Februari likaiyeyusha, ikadondokea sakafu ya gereji kama mshumaa. Zipo aina za kuhimili joto, ila muulize muuzaji kabla. Na lami mimi siikatai moja kwa moja. Juu ya bati safi, lililopakwa praima ya epoksi kwanza (rangi ya awali inayong'ang'ania bati), lami inafanya kazi ya kuzuia kokoto. Ubaya ni kuipaka juu ya kutu ili kuificha.

Nyingine hii: ile praima nyekundu ya bei rahisi watu wanaipaka na kuiacha hivyo hivyo uvunguni. Inapitisha unyevu. Bila rangi juu yake umejidanganya.

#22 Bweni Mpaka Ng'ambo
Kwani meli zinafanyaje? Zinafungiwa vipande vya zinki, zinki inaliwa badala ya chuma. Si afunge vipande vinne uvunguni amalize?

#23 Tochi ya Kemia
Zinki ya meli inafanya kazi kwa sababu meli na zinki vyote viko ndani ya maji yale yale ya bahari. Umeme mdogo unapita majini kutoka zinki kwenda kwenye chuma. Gari liko hewani, hiyo njia imekatika. Kipande cha zinki kitalinda sentimita chache zinazokizunguka pakiwa pamelowa, basi. Ndiyo maana bati la mabati linapakwa zinki lote, si kipande kimoja pembeni. Na vile visanduku vya umeme vinavyouzwa kwamba vinazuia kutu ya gari, vina kikwazo hicho hicho.

#24 Kisiwani Kwetu (Unguja)
Nyinyi mnatafuta mbali. Huku kwetu vyombo vya baharini vinapakwa sifa tangu mababu. Mafuta ya papa hayo. Ubao unakaa kwenye maji chumvi miaka na miaka. Baba yangu alikuwa na pikapu, akiipaka sifa chini kila mwisho wa kaskazi. Ilinuka, tulikuwa hatumkaribii siku tatu. Lakini haikuoza.

#25 Kijana wa Chumbageni
Sifa kwenye gari la kulala? Paka wote wa Tanga watalifuata mpaka Lushoto 😂😂

#26 Tochi ya Kemia
Cheka, ila #24 yuko kwenye njia iliyowahi kupitwa. Kampuni ya Marekani ya Rust-Oleum ilianza 1921 kwa nahodha aliyeona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha ya chuma yamezuia kutu isiendelee. Akatafuta namna ya kuyafanya yakauke haraka na yasinuke. Mafuta ya samaki yanapenya kwenye kutu, kisha yanakauka taratibu na kushika. Sina uhakika tu kama sifa ya kuchemshwa kienyeji inakauka sawasawa au inabaki inanata.

#27 Kisiwani Kwetu (Unguja)
Inanata. Mchanga unashika juu. Babangu alisema huo mchanga ndio ngao.

#28 Mzee wa Gereji ya Mwembeni
Sasa huo mchanga wa pwani una chumvi au hauna?

#29 Msasa Namba Themanini
😄 Mzee kauliza swali la kitaalamu kuliko sisi wote.

#30 Mkandaa
Wakuu, kuna dawa za kugeuza kutu. Nyingine ni tindikali ya fosforasi, nyingine zina tanini. Ukipaka, kutu nyekundu inageuka nyeusi. Na tanini ndiyo ile ya magome ya mikoko, tunayopikia rangi ya ukindu. Je, tukichemsha magome wenyewe?

#31 Tochi ya Kemia
Itageuza weusi, ndiyo. Ila dawa ya dukani ina kishikizo kinachoacha utando, maji ya magome hayana. Na mikoko inalindwa, huwezi kuchuna magome bila kibali. Zaidi ya hapo, dawa hizi zote zinafika kwenye kutu nyembamba tu. Kutu iliyopandana matabaka kama mkate wa kusukuma hubanduliwa kwa grenda kwanza.

#32 Nakuja na Meli (Mombasa)
Tusisahau kuosha. Maji baridi yasiyo na chumvi, uvungu wote, siku hiyo hiyo uliyotoka pwani. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote.

#33 Dodoma Kavu
Na mashine ya presha isiwe kali sana kwenye maungio, inasukuma tope ndani badala ya kulitoa.

#34 Nakuja na Meli (Mombasa)
Bila presha tope halitoki, bwana.

#35 Mchwa wa Barabara (Tanga)
Wakuu, nimerudi. Jumamosi nimetoa kila kitu ndani: kitanda, kabati, sinki, karpeti, mbao za ukutani. Mke wangu ndiye aliyetoa wazo la kumwaga maji yenye rangi ya chakula, nyekundu juu ya paa, kijani kwenye sinki.

Kijani kilitokea sakafuni ndani ya dakika mbili. Mpira wa kutolea maji ya sinki umechanika pale unapopita kwenye bati. Kumbe tangu 2019 tunaosha vyombo juu ya sakafu. Chini ya hapo kulikuwa na mbao ya plywood niliyoiweka mwenyewe, imeoza, inanuka.

Nyekundu nayo ilichelewa kama nusu saa, ikachuruzika nyuma ya kabati la nguo kutoka kwenye mfereji wa paa. Kwa hiyo #13 na #15 mmepata, lakini maji mengi hayakuwa ya pumzi.

Ukingo wa mlango wa kuburuta: matundu matatu ya kutolea maji, yote yamezibwa. Mawili kwa mchanga, moja kwa lami ya zamani. Nilipolizibua kwa waya maji yalitoka. Mvua ya mwisho kunyesha hapa ilikuwa siku kumi na moja zilizopita.

#36 Msasa Namba Themanini
Siku kumi na moja! Hapo ndipo penye roho ya ugonjwa. Aliyepaka lami ile aliziba choo cha gari.

Sasa kazi iende hivi. Kata bati lililooza mpaka ufike kwenye bati zima, usilionee huruma. Chomelea bati jipya, usikubali kubandikiwa juu ya la zamani. Praima ya epoksi pande zote mbili, rangi, halafu mafuta au nta ndani ya vyumba vilivyofungwa ndiyo iwe ya mwisho kabisa. Ukipuliza mafuta kwanza kisha uchomelee, unawasha moto. Niliwahi kuona gari la mteja likiwaka kwa ndani hivyo, sponji ya ukutani ilishika cheche na tukaja kugundua moshi dakika kumi baadaye. Ndoo ya maji na mtu wa kuangalia upande wa pili, muda wote.

#37 Bweni Mpaka Ng'ambo
Na madigadi? Mimi bado nasema ni pantoni.

#38 Nakuja na Meli (Mombasa)
Na mimi bado nasema Hokkaido.

#39 Mama Watoto Watatu
Mchwa, mbao za ukutani usizirudishe mpaka zipite wiki mbili bila kuona unyevu. Na acha upenyo nyuma yake hewa ipite. Sisi tuliharakisha, tukafungua tena mwaka uliofuata.

#40 Mchwa wa Barabara (Tanga)
Nimekusikia dada. Fundi wa kuchomelea anakuja Alhamisi. Digadi nitakata zote mbili, nione kilicho nyuma ya puti. Picha nitaweka.

#24, hiyo sifa naweza kuijaribu kwenye mhimili mmoja tu, mwingine nipake lanolini, tuone baada ya masika. Kwa Tanga inapatikana wapi?

#41 Bweni Mpaka Ng'ambo
Nenda Sahare asubuhi, waulize wanaokarabati vyombo. Beba dumu lenye mfuniko unaokaza.

#42 Kijana wa Chumbageni
Na usilibebe ndani ya gari la mama yangu.